Nimerefusha mpini wa jembe ili vibarua wasiinamie, wamelikataa. Nirekebishe wapi?

Swali: Shikamoo mtaalamu. Mi ni fundi wa kuchomelea, nina karakana ndogo. Jirani yangu ana shamba la mbogamboga, anachukua vibarua wake kwa waume, wanalima na kupalilia kutwa na kila jioni ni kilio cha kiuno. Nikasema ngoja niwasaidie. Nikachukua bapa la jembe la kawaida, kama kilo moja na nusu, nikalichomelea kwenye paipu ya chuma ya milimita 25, ukuta milimita 2, urefu sentimita 140 badala ya zile 90 walizozoea. Wamelitumia kama saa nzima afu wakalilaza pembeni wakarudi kwenye majembe yao mafupi. Wanasema linachelewesha na mabega yanauma. Tatizo liko wapi? Nitumie vipimo gani? Nivalishe raba kwenye mpini? Na baadae nataka nitengeneze bomba la kupulizia dawa na mundu, au niachane na yote haya nifunge injini tu?

Jibu: Marahaba mdogo wangu. Usikate tamaa, ulichofanya kina mantiki na shida ulioivalia njuga ni ya kweli kabisa, ila mzigo umeutoa kiunoni ukautua mabegani. Vibarua wamekwambia yote kwa sentensi moja, linachelewesha na mabega yanauma, na hiyo ndo ripoti ya kitaalamu unayoihitaji. Wangekuwa wavivu au wakaidi wasingelishika hata dakika tano. Wamelitumia saa nzima, miili imepiga hesabu, wameliacha.

Tuanze na kiuno kwasababu ndo kilichokusukuma. Watu wengi wanadhani mgongo unaharibiwa na kubeba vizito, wakati mpaliliaji anaweza kushinda siku nzima hajashika kitu kinachozidi kilo tatu na jioni hawezi kunyooka. Anaubeba mwili wake mwenyewe. Kuanzia kiunoni kwenda juu, yaani kiwiliwili, kichwa na mikono, ni karibu nusu ya uzito wa mtu, kwaiyo mtu wa kilo 60 akiinama ana kama kilo 30 zinaning'inia mbele ya kiuno, na katikati ya huo uzito iko mbele kama sentimita 25. Misuli ya mgongo inayozuia asidondoke imekaa karibu sana na uti, kama sentimita 5 tu kutoka kwenye ile pingili inayofanya kazi ya bawaba. Sasa piga hesabu, 30 mara 25 gawa kwa 5, unapata nguvu sawa na kilo 150 zinazovutwa na misuli muda wote aliopo pale, na hapo hajashika jembe. Hesabu hii ni ya juujuu lakini ukubwa wake ndo huo huo.

Kinachoongeza ubaya ni kwamba misuli hiyo haipumziki. Msuli unaokaza na kuachia unajipampu damu, ila msuli uliokaza ukabaki hivyohivyo unaibana mishipa yake yenyewe, damu haipiti vizuri, taka hazitoki, ndo ule moto anaousikia mtu mgongoni baada ya nusu saa. Na mtu akizidi kuinama mpaka chini kabisa misuli inaacha kazi, inakabidhi kano, na kano zikivutwa kwa saa nzima zinarefuka kidogo na haziwahi kurudi haraka. Ndo maana utasikia mtu kapalilia asubuhi yote hakuumia, afu alipoinuka tu kwenda kunyanyua kiroba ndo kiuno kikakatika. Kiroba kimesingiziwa, mgongo ulishalegezwa tangu asubuhi. Kwaiyo mwambie jirani yako hata kabla hujatengeneza kitu, mtu akitoka kupalilia asibebeshwe mzigo papo hapo, apewe dakika kadhaa za kutembea akiwa wima.

Kwaiyo wazo lako la kumnyanyua mtu ni sahihi asilimia zote. Tatizo ni namna.

Angalia uzito kwanza. Paipu yako ya milimita 25 yenye ukuta wa 2 ina karibu kilo 1.1 kwa kila mita, kwa sentimita 140 ni kama kilo moja na nusu na ushee, ongeza bapa kilo moja na nusu, umewapa kitu cha kilo tatu na kidogo. Mpini wa mti mgumu wa milimita 35 una kama gramu 700 kwa mita, kwaiyo lile jembe lao la zamani lote zima ni kama kilo mbili. Kilo moja ya ziada inaonekana kitu kidogo ukiwa umesimama karakanani, ila mtu akipiga mapigo 30 kwa dakika ni mapigo 1,800 kwa saa, yaani anainua karibu tani mbili za ziada kila saa ambazo hazilimi chochote.

Halafu kuna kitu kibaya kuliko uzito wenyewe nacho ni uzito uko wapi. Kitu unachokizungusha ugumu wake wa kukianzisha na kukisimamisha unapanda kwa umbali mara umbali. Bapa lile lile ukilitoa sentimita 90 ukalipeleka 140, umbali umeongezeka mara moja na nusu hivi, lakini ugumu wa kulizungusha umeongezeka karibu mara mbili na nusu, ukichukulia mikono iko mwisho wa mpini. Nani analipa hiyo? Mabega na vifundo vya mikono. Kwaiyo wanaposema mabega yanauma hawadeki, wanasoma fizikia.

Na hapa ndo nataka ushike jambo moja kabla ya vipimo vyote ulivyoniomba. Umesema wanalima na kupalilia kana kwamba ni kazi moja. Sio. Kulima kwa jembe ni kazi ya kupiga, unanyanyua uzito unauangusha, uzito wa bapa unakusaidia kuingia ardhini, kwaiyo jembe la kulimia linahitaji uzito kiasi na mpini ambao sio mrefu sana. Kupalilia magugu madogo ni kazi ya kukata mizizi sentimita moja au mbili chini ya udongo, haihitaji kupiga kabisa, na kila unaponyanyua bapa hewani kwa ajili ya kamche ka gugu chenye majani mawili unapoteza nguvu bure. Ukitaka kifaa kimoja kifanye zote mbili utapata kifaa kinachofanya zote vibaya na watu watakilaza pembeni tena.

Mi ningekuwa wewe kazi ya kulima ningeiweka kando kwa sasa nikashughulika na kupalilia, kwasababu ndo kunakula saa nyingi za kuinama. Na kwenye kupalilia usirefushe jembe, badilisha tendo, kutoka kupiga kwenda kuvuta na kusukuma. Chukua utepe mwembamba wa chuma kigumu, msumeno mkubwa uliochakaa au spring nyembamba, upana kama sentimita 3, ukunje umbo la U lenye kitako bapa cha sentimita 12 hivi, unoe kingo zote mbili za kitako, mbele na nyuma, kisha uufunge kwenye mpini kwa pini moja ili ucheze kidogo, nyuzi (digrii) chache tu kwenda mbele na kurudi. Huo mchezo ndo siri yake. Ukivuta, kingo ya nyuma inajilaza inaingia udongoni, ukisukuma kingo ya mbele nayo inajiinamisha inakata, kwaiyo unapalilia kwenda na kurudi bila kunyanyua kitu, mtu amesimama, viwiko viko karibu na mbavu. Uzito wa kichwa chote nusu kilo au pungufu. Ukiuchomelea ukakaza kabisa usicheze utaona unakata upande mmoja tu na mwingine unateleza, watu wanakosea sana hapo.

Kina mipaka yake lakini. Udongo wa mfinyanzi uliolowa kinaziba, penye mawe mengi kinarukaruka, na magugu yaliyoachwa yakafika magotini hakiyawezi, hapo jembe linarudi. Kwaiyo ni kifaa cha mtu anayepalilia mapema. Hilo sio la fundi, ni la mwenye shamba, mpe taarifa kabisa ili baadae isionekane kifaa ni kibovu.

Kama bado unataka jembe la kuvuta lenye bapa la kawaida, basi cheza na pembe kati ya bapa na mpini, maana hili nina uhakika hukuligusa. Mtu akiinama na mpini mfupi, mpini unalala karibu na ardhi, bapa linaangalia chini vizuri linaingia. Ukimsimamisha kwa mpini mrefu, mpini nao unasimama zaidi, na bapa lile lile kwa pembe ile ile linalala linateleza juu ya udongo. Mtu anafanya nini? Anainama tena ili bapa liingie! Umempa mpini wa sentimita 140 na bado kainama, na juu ya hapo kabeba kilo tatu. Mwambie mmoja asimame anavyopenda yeye, ashike mpini, aweke bapa chini, wewe chuchumaa pembeni uangalie, kingo inatakiwa iguse ardhi ikiwa imeinama kidogo tu kuelekea chini kwa kazi ya kukwangua, na zaidi kama ni ya kuchimba. Kama imelala, fungua pembe. Kazi ya dakika chache kwenye moto lakini inaamua kila kitu.

Urefu sasa. Kwa kifaa cha kuvuta na kusukuma, simamisha mpini wima mbele ya mtu, ncha ifike kati ya bega na kidevu, ni pa kuanzia pazuri. Usiniulize sentimita ngapi, niulize za nani. Ukipima kwa urefu wako wewe fundi utamtengenezea mtu mmoja duniani. Chukua futi kamba uwapime wale vibarua wenyewe vitu vitatu tu, urefu wa bega kutoka ardhini, urefu wa kiwiko mkono wa juu ukiwa umening'inia na kiwiko kimekunjwa, na urefu wa kiganja, wote, na hasa yule mfupi kuliko wote na yule mrefu kuliko wote, kwasababu ukiwaweza hao wawili wa katikati watajiweza. Afu usije ukashawishika kutengeneza mpini wa kurefusha na kufupisha kwa tundu na boliti, unapendeza mezani lakini shambani mchanga unaingia, unalegea, unaanza kulia kwe kwe, na hakuna mtu anayebeba spana kwenye tuta. Tengeneza saizi mbili, au tatu ikibidi, uzipake rangi tofauti mwishoni, kila mtu atajua yake ndani ya siku moja.

Kuna watakaokwambia mpini mrefu unaharibu mche, mtu akiwa mbali na ardhi haoni vizuri. Wasiwasi huo una ukweli ndani yake, bapa likiwa mbali na mkono unapoteza ulengaji, ndo maana nakwambia bapa jembamba na mpini usionepa. Lakini usiukubali mzima mzima. Kwenye mashamba ya California vibarua wa letusi na viazisukari walilazimishwa miaka mingi kutumia jembe lenye mpini wa sentimita 60 au hata pungufu, hoja ya wenye mashamba ikiwa hiyo hiyo, kwamba mrefu utakata mazao. Na kulikuwa na sababu ya pembeni, msimamizi akitupa jicho shambani aliyesimama anaonekana papo hapo kwamba hafanyi kazi. Kesi ikafika Mahakama ya Juu ya jimbo na mwaka 1975 jembe hilo likapigwa marufuku. Letusi ikaendelea kulimwa kama kawaida, kwa mipini mirefu. Kwaiyo ukisikia hoja ya kuharibu mche, hesabu miche iliyokatwa kwa mipini yote miwili kwenye mstari mmoja mmoja, usibishane kwa mdomo.

Raba uliyoulizia. Jibu langu ni kwamba shida ya mpini wako ni wembamba, raba ni la baadae. Mkono unashika kwa nguvu zake zote pale ambapo kidole gumba na cha kati vinakaribia kukutana, na kwa watu wengi hiyo ni kipenyo cha kama milimita 30 mpaka 50, kwa kundi lenye wake kwa waume ningekaa 32 mpaka 38. Paipu ya 25 inamlazimisha mtu akaze zaidi ili isizunguke kiganjani, na chuma laini chenye jasho kinateleza kwaiyo anakaza tena zaidi, na misuli inayokaza vidole iko kwenye mkono wa mbele chini ya kiwiko, ndo inapochokea. Juu ya hapo chuma kikishinda juani hakishikiki. Rudi kwenye mti, ndugu yangu, mti mgumu uliokauka vizuri, nyuzi zake ziende sambamba na mpini toka mwanzo hadi mwisho, usugue kwa msasa usipake vanishi ya kung'aa, mafuta tu yanatosha. Na uupe umbo la yai kidogo badala ya duara kamili pale mikono inaposhika, mkono utajua bapa linaangalia wapi bila jicho kuangalia na mpini hautajizungusha. Usichonge vile vishimo vya vidole unavyoviona kwenye vifaa vya dukani, vinamfaa mtu mmoja mwenye vidole vile vile, wengine wote vinawachimba.

Ukitaka kujua wapi hasa mikono inakaa, usiulize, nenda kaombe majembe yao ya zamani uyageuze juani. Mpini uliotumika misimu miwili mitatu una sehemu mbili zilizong'aa na kuwa nyeusi kwa jasho, pima umbali kati yake, pima na unene pale, mara nyingi utakuta pamelika pakawa pembamba kuliko kwingine. Na utakuta vitambaa, vipande vya tyubu ya baiskeli vimezungushiwa, msumari umepigwa, mwingine kakata ncha ya mpini. Kila kitambaa ni malalamiko ya mtu ambaye hakuulizwa. Mi katika kazi hii sijaona mchoro wa kompyuta unaosema mengi kama mpini mchakavu.

Kitu kingine ambacho mafundi hawakipendi kwasababu hakina utukufu ni makali. Bapa butu linataka nguvu zaidi kwa kila pigo na hakuna pembe wala mpini utakaofidia. Kabla ya kuwapelekea kifaa kipya wapelekee tupa moja ya kila watu wachache na ubao wa kubania bapa kwenye urefu wa kiwiko, wanoe wamesimama, asubuhi na mchana. Nakuhakikishia kuna mashamba hili peke yake linapunguza malalamiko kuliko ubunifu wa mwaka mzima.

Sasa kujaribu. Usimpe mtu kifaa ukamuuliza umekipenda, atakwambia kizuri sana kwa heshima tu kwasababu wewe ni fundi umekuja na moyo mzuri. Wape nusu saa jembe lao na nusu saa kifaa chako, nusu ya watu waanze na la zamani na nusu waanze na jipya, maana anayeanza asubuhi na mapema ana nguvu na anayemalizia juani hana, ukichanganya vibaya utapima jua ukidhani umepima mpini. Pima mita za mstari walizomaliza na magugu yaliyobaki nyuma. Kila mwisho wa zamu muulize kila mtu kiungo kwa kiungo, shingo, bega la kulia, la kushoto, kifundo, kiuno, goti, kutoka sifuri mpaka kumi panauma kiasi gani, utaona mzigo umehamia wapi. Mpige video kwa simu kutoka ubavuni ukiwa usawa wa kiuno chake, isimamishe picha uangalie mgongo umeinama nyuzi ngapi na kwa muda gani, kama amevuka nyuzi 60 kazi bado iko pale pale. Mweke na mtu wa mkono wa kushoto kama yupo.

Afu kesho yake viache vifaa vyote ukutani usiseme neno, angalia watu wanachukua kipi. Hapo ndo matokeo.

Na uliza wanalipwaje. Hili wataalamu wengi wanaliruka. Kama wanalipwa kwa mstari, kifaa kinachopunguza spidi hata kidogo kinakula mfukoni mwao, na mtu mwenye watoto atachagua kiuno kimuume kuliko mstari upungue, we ungefanya hivyo hivyo. Kwaiyo kifaa chako lazima kiwe na spidi sawa au zaidi, au jirani yako akubali kuwalipa kwa siku wakati wanakizoea, kwasababu mwili uliozoea tendo moja kwa miaka hauwezi kulibadili ndani ya saa moja. Wape wiki hivi ya kuzoea kabla ya kuamua.

Bomba la dawa. Tangi la lita 16 likijaa maji ni kilo 16, lenyewe tupu kilo nne mpaka sita, unaona tumeshavuka 20. Hesabu ya NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, inaanzia kilo 23 kama kikomo cha kunyanyua pale mazingira yakiwa mazuri kabisa, mzigo uko karibu na mwili, urefu wa kiunoni, mikono yote, na kila kinachoharibika kati ya hivyo kinapunguza hizo kilo. Kunyanyua tangi kutoka ardhini huku unajipinda kupitisha mkanda wa pili kumeharibu karibu vyote kwa pamoja. Kwaiyo wewe usianze na tangi, anza na meza, ndio, kibao cha kulijazia chenye urefu ambao mtu anageuka, anarudi nyuma kidogo, anavaa mikanda tangi likiwa limekaa, anasimama. Utachomelea mchana mmoja. Kisha waambie wajaze lita 10 au 12. Mikanda iwe mipana, sentimita 5 kwenda juu, na uongeze mkanda wa kiunoni unaobana vizuri juu ya nyonga ili uzito ushuke miguuni badala ya kuning'inia mabegani, na tangi likae limegusana na mgongo, kila sentimita linayokaa nyuma inamvuta mtu naye anajiinamisha mbele kulipiza. Mkono wa kupampu uweze kuhamishwa kulia na kushoto. Ila sikiliza hapa vizuri, usiweke sponji la kawaida kwenye mikanda au mgongoni. Sponji linanyonya dawa inayovuja, linaifuga, na kila siku linaikandamiza kwenye ngozi yenye jasho. Weka povu lile gumu lisilonyonya maji, lifutike kwa sabuni. Nimeona vifaa vimeboreshwa kwa nia njema vikawa sumu kwa namna hiyo.

Mundu nitapita haraka. Kifundo cha mkono kikipinda nguvu ya kushika inashuka, kwaiyo inamisha mpini kuhusiana na blade ili mtu akate karibu na ardhi kifundo kimenyooka, na uinue mpini kidogo juu ya usawa wa blade, vifundo vya vidole visisugue ardhi na mashina. Meno madogo kwa nyasi na mpunga yanashika shina lisiteleze. Blade iwe nyepesi. Lakini mundu hata uwe mzuri vipi bado umemwinamisha mtu, hilo mpini mfupi hauliponyi.

Injini. Sikukatazi, ila injini nayo inahamisha mzigo. Umeondoa kuinama ukaleta mtikisiko, kelele, moshi na uzito wa mashine, na mtikisiko unaopita mikononi kila siku unaharibu mishipa ya damu na fahamu za vidole, vinaanza kufa ganzi na kuwa vyeupe kwenye baridi na vikishafika mbali havirudi. Umoja wa Ulaya katika sheria yake ya mwaka 2002 uliweka wastani wa siku ya saa 8 kwamba ukifika mita 2.5 kwa sekunde mraba mwajiri achukue hatua na 5 isivukwe, na kuna mashine za kufyekea zilizochakaa ambazo zinakula hicho kiwango kabla siku haijafika katikati. Kabla ya kufika huko kuna kitu cha katikati ambacho fundi kama wewe unakiweza kabisa, palizi ya gurudumu, tairi moja mbele, lile bapa la U nyuma yake, mikono miwili ya kusukumia kwenye urefu wa kati ya nyonga na kiwiko, hapo gurudumu linabeba uzito na mtu anatumia miguu na uzito wa mwili badala ya mabega. Gurudumu liwe kubwa, dogo linazama kwenye udongo laini na kusimama kila penye bonge. Inataka mistari iliyonyooka yenye nafasi sawa, kwaiyo ongea na jirani kabla ya msimu wa kupanda, ukichelewa utasubiri mpaka mwingine.

Anza na lile bapa la U kwenye mpini wa mti, saizi mbili, vipande vinne vitatosha kujaribia. Ukishapiga zile video nitumie, hasa za huyo mfupi kuliko wote.